Namna ya kuhifadhi bonde zima la Ziwa Nakuru, kuanzia Mau mto unakotoka

Ukitaka kuokoa wanyama na ndege wa Ziwa Nakuru, usianzie langoni mwa mbuga. Anzia msitu wa Mau, mito inakotoka. Kila msimu wa mvua vikundi hunijia kitaluni kununua miche, na karibu vyote vinataka kupanda kando ya uzio wa mbuga kwa sababu huko ndiko wanyama waliko. Nawaelewa, lakini huko miti si haba. Kinachoamua kama ziwa litaishi kiko mbali juu, kwenye mashamba ya viazi ya Nessuit na Mariashoni, kwenye vivuko vya punda vya Njoro na kwenye mitaro ya Rhonda, mtaa wa mji wa Nakuru.

Mimi ni mkulima wa Njokerio, karibu na Chuo Kikuu cha Egerton. Shamba langu linapakana na Mto Njoro, nina kitalu cha miche ya kienyeji, na niko kwenye kamati ya chama chetu cha watumiaji maji ya mto. Haya ndiyo ninayowaambia wanaoniuliza waanzie wapi wakitaka kuhifadhi eneo zima, si kipande kimoja tu chenye uzio.

Chora maji kwanza, wanyama baadaye

Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru ina ukubwa wa kilomita za mraba 188 hivi, na imezungushiwa uzio wa umeme pande zote. Eneo linaloteremsha maji kuingia ziwani ni kama kilomita za mraba 1,800. Maana yake, kwa kila sehemu moja inayolindwa na askari wa KWS, Huduma ya Wanyamapori ya Kenya, kuna nyingine kama tisa zinazolindwa na mimi, wewe na jirani yako, au hazilindwi na mtu. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia ziwani, wala hakuna hata mmoja unaotoka. Maji hupanda na jua. Udongo, mbolea, dawa za kunyunyizia viazi na plastiki hubaki pale pale.

Nunua karatasi kubwa ya manila. Chora ziwa chini, Mau juu, na mito kati yake. Weka alama kila mahali maji yanapoguswa na mtu: daraja, kivuko cha ng'ombe, pampu ya kumwagilia, kisima, bomba la maji taka, mtaro wa mji. Ifanyeni kazi hii na watoto wa shule na wazee mkiwa pamoja, kwa sababu mtoto anajua mahali pa kuogelea leo na mzee anajua chemchemi iliyokauka.

Kisha ongeza ndege, na hapo ndipo watu huanza kuelewa kwa nini nasema eneo zima. Mwari mweupe hutaga na kulea makinda kwenye visiwa vya mawe vya Ziwa Elementaita, lakini chakula chake hukifuata Nakuru, kwa sababu Nakuru kuna samaki. Samaki wenyewe ni tilapia wadogo walioletwa kutoka Ziwa Magadi katika miaka ya 1950 ili wale viluwiluwi vya mbu. Flamingo naye leo yuko Nakuru, kesho Bogoria, na akitaka kutaga huenda hadi Ziwa Natron nchini Tanzania. Ukiwaharibia ndege hawa mahali pamoja, umewaharibia kote. Mwaka wa 2011 UNESCO iliyaweka maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria kwenye orodha ya Urithi wa Dunia kwa jina moja, na nadhani walifanya la busara.

Kuna jambo watu hupenda kuuliza hapa: maji yaliyopanda je? Kuanzia miaka ya 2010 ziwa limefura likameza barabara na lango kuu la zamani, chumvi ikapungua, mwani ambao flamingo hula ukapungua nao, na flamingo wengi wakahamia kwingine. Maziwa mengine ya Bonde la Ufa, Baringo na Naivasha, yamepanda vilevile, kwa hivyo mvua kubwa ina mkono wake. Mvua hatuwezi kuizuia. Tunaloweza ni kuamua inashuka na udongo kiasi gani, na kwa kasi gani.

Tembea mto mzima na chupa

Usiitishe mkutano kabla hujatembea. Tembeeni mara ya kwanza wakati wa kiangazi, Januari au Februari, ndipo muone mto ukiwa mwembamba na kila bomba linaloufyonza likiwa wazi. Rudini tena Aprili mvua kubwa za kwanza zikishanyesha.

Mara hii ya pili bebeni chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zote za ukubwa mmoja. Mtu aingie mahali salama, aelekeze mdomo wa chupa mto unakotoka, ajaze katikati ya mkondo bila kukoroga chini, afunge na kuandika mahali, tarehe na saa kwa kalamu isiyofutika. Jazeni moja ndani ya msitu, moja baada ya mashamba ya Nessuit, moja chini ya Njoro mjini, na ya mwisho Rhonda mto unapokaribia mbuga. Siku ya mto kujaa msiingie majini. Fungeni chupa kwenye kamba na mteke mkiwa darajani. Ziacheni chupa mezani usiku kucha bila kuzigusa, na asubuhi mpime kwa rula tope lililotua chini.

Nimeona wazee waliokuwa wamenuna tangu mwanzo wa baraza wakiinuka kuja kuzishika chupa hizo na kuzigeuzageuza. Chupa ya msituni ina vumbi jembamba kama karatasi. Ya mashambani ina tope la kahawia unaloweza kulipima kwa vidole. Mzee mmoja wa Nessuit aliiinua ile ya pili, akaitazama kwa muda, akaniuliza, "Mama, hii ni shamba la nani?" Nikamjibu, "Mzee, ni letu sote, hata langu limo." Baada ya hapo kikao kilienda vizuri kuliko hotuba yoyote ingeweza kukipeleka.

Mkiwa huko huko mtoni, geuzeni mawe. Ukikuta wadudu wadogo bapa wenye mikia mitatu wameng'ang'ania jiwe, maji yana hewa ya kutosha. Ukikuta funza wekundu tu na ruba, pana uchafu unaoingia hapo juu kidogo, nendeni mkautafute. Andikeni mnachoona kwenye daftari moja, na daftari hilo likae kwa mtu mmoja mwenye kabati.

Kaa na watu, bila kamba wala vigingi

Sehemu hii ndiyo ngumu, na ndiyo ambayo miradi mingi huiruka.

Mau Mashariki uhifadhi ni jambo lenye kidonda. Mwaka wa 2001 serikali ilimega zaidi ya hekta 35,000 za msitu huo na kuzigeuza makazi. Baadaye, mwaka wa 2009, 2018 na 2020, watu waliondolewa katika sehemu mbalimbali za Mau, wengine wakiwa na hati mkononi. Waogiek, waliokuwa humo na mizinga yao ya nyuki kabla yetu sote, walikwenda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu kule Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba wao si wa kulaumiwa kwa kuharibika kwa msitu. Kwa hivyo ukifika Nessuit na kamba ya kupimia na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu, hata ukiwa na nia njema kiasi gani, watu wataona kufukuzwa kunarudi.

Pitia kwa chifu na wazee wa nyumba kumi ili ujulikane, halafu omba kusikiliza kabla ya kusema. Uliza maji yalikuwa yakifika wapi zamani, mti gani nyuki waliupenda, ng'ombe wanakunywa wapi kiangazi kikikaza. Kila mtu ana kitu anachokitaka kutoka kwa mto. Mwenye mizinga anataka maua ya mti wa mukeu, ambao Wakalenjin huuita silibwet. Mfugaji anataka lishe na mahali pa kunyweshea. Mkulima wa viazi anataka udongo wake usiende. Yakusanye hayo kwanza, halafu upange kazi juu yake.

Sheria ipo na uijue, lakini usiitangulize. Ardhi ya kando ya mto haifai kulimwa kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande, kutegemea upana wa mto, na hupimwa kutoka pale maji yalipofika mto ulipojaa zaidi, si pale yalipo Februari. Mimi hushauri mkubaliane mita 6 kwanza, kila mtu, bila kuruka hata shamba moja. Ukanda wa mita 6 usiokatika una faida kubwa kwa mbega, kwa ndege na kwa maji kuliko mita 30 kwa mtu mmoja mwenye moyo huku majirani wake wote wakilima hadi ukingoni.

Fanyeni haya kupitia vyombo vinavyotambuliwa. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji maji, na Sheria ya Misitu ya mwaka huo huo inatambua jumuiya za msitu zinazotia saini makubaliano na Huduma ya Misitu ya Kenya. Kikundi kisicho na mojawapo ya hivi kitafanya kazi nzuri kisha kikose pa kuishtakia pampu haramu.

Zuia udongo shambani kabla ya kupanda mti mtoni

Trekta nyingi za kwetu hulima kutoka juu kwenda chini kwa sababu ni rahisi kwa dereva. Kila mfereji wa jembe basi hugeuka njia ya maji. Mwambie mwenye trekta alime kukatiza mteremko, na kama anadai zaidi, kikundi kichangie hiyo tofauti. Ni pesa nzuri kuliko ya miche.

Kisha chimbeni fanya juu, yaani mtaro unaokatiza mteremko, udongo wake ukitupwa upande wa juu. Ili mtaro usielekee upande, mnahitaji kipimo, na hiki mtajitengenezea wenyewe. Chukua fito mbili zilizonyooka za mita 2 kila moja, zifunge ncha za juu, tanua miguu, kisha funga ufito wa tatu katikati ili upate herufi A. Ning'iniza uzi wenye jiwe kutoka kwenye fundo la juu, jiwe lipite chini kidogo ya ufito wa katikati. Simamisha, weka alama ardhini miguu ilipo, na alama kwenye ufito uzi unapogusa. Geuza ili mguu wa kushoto ukae alama ya kulia, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Sasa anza pembeni mwa shamba: acha mguu mmoja, zungusha mwingine mpaka uzi utulie kwenye alama ya katikati, piga kigingi, endelea. Vigingi vikimaliza shamba utaona mstari unajipinda kufuata kilima. Chimba hapo, tupa udongo upande wa juu, na juu ya tuta panda napia. Mwenye ng'ombe atakata napia hiyo mwaka mzima, na hatakubali mtu aibomoe.

Kuhusu punda na ng'ombe: kivuko kimoja kilichokanyagwa kila siku hutoa tope jingi mno. Msifunge vivuko vyote kwa pamoja. Chagueni vichache, muviwekee mawe, na pale mnapoweza mjenge hori la saruji mbali na ukingo ili wenye mikokoteni wajaze mitungi bila punda kusimama majini na kuyachafua.

Sasa miti

Ukingoni panda inayopenda maji: mkuyu, mzambarau mwitu, na huku chini kuelekea ziwani mgunga wa gome la manjano. Juu zaidi panda mukeu, podo, mtarakwa na muiri. Muiri nausisitiza kwa sababu ndege na mbega hula matunda yake, na kwa sababu watu wameichuna magome kwa ajili ya dawa mpaka mingine imekauka ikiwa imesimama. Mbegu yake haivumilii kuhifadhiwa. Ikusanye ikiwa imeiva, toa nyama, kausha kivulini na uisie mapema, ukiichelewesha miezi haitaota. Kusanya kutoka kwa miti kadhaa iliyo mbalimbali, si chini ya mti mmoja ulio karibu na barabara.

Mkaratusi una kazi yake, tunahitaji nguzo na kuni, lakini usikae ukingoni wala penye chemchemi. Usimwambie mtu aung'oe bila kumpa mwingine. Mpe mgrevilia wa kupanda mpakani mwa shamba, na mkubaliane mkaratusi ukikatwa safari hii machipukizi yasiachwe.

Panda mvua ikishalowesha ardhi vizuri, si siku mgeni rasmi anapopatikana. Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 45, udongo wa juu uwekwe kando na urudishwe kwanza. Zungusha matawi ya miiba. Hesabu rasmi ya kikundi ifanywe kiangazi cha pili kikiisha, na aliyetunza alipwe kwa miche iliyo hai. Hesabu ya siku ya kupanda haina maana yoyote kwangu, na mfadhili akiitaka mweleze hivyo kwa heshima.

Njia za wanyama na nyua zetu

Uzio wa Nakuru umewalinda vifaru, na siwezi kuulaumu. Lakini ndani ya uzio twiga, nyati na vifaru hawawezi kuzaana na wenzao wa nje mpaka lori lije kuwahamisha. Msitu wa Eburu, kilomita za mraba 87 upande wa kusini-mashariki, nao umezungushiwa uzio, na ndani yake wamo bongo wachache wa milimani, swala mkubwa wa msituni aliyebaki kwa idadi ndogo sana porini. Maeneo haya ni visiwa. Kati yake kuna Soysambu, yenye ekari kama 48,000 kuzunguka Elementaita, kuna mashamba makubwa, na kuna vipande vyetu vya ekari moja na mbili. Kinachopita kwetu ni ndege, kakakuona, mbweha, fisi, sungura, nyuki na popo. Hao ndio tunaoweza kuwafungulia njia sisi wenyewe.

Panda ua wa kayaba au miti badala ya ukuta wa mawe. Ukitumia seng'enge, waya wa chini uwe laini usio na miiba, na uache nafasi mnyama mdogo apite. Ukiona nyaya za umeme zimelegea mahali wanyama warefu wanapopita, piga picha na uripoti kwa maandishi. Februari 2021 twiga watatu walikufa Soysambu kwa kugusa nyaya zilizokuwa chini mno.

Fisi akila kondoo wako, usitie sumu kwenye mzoga. Tai watakuja kula, na baada ya tai mbwa wa jirani. Usisogeze mzoga, piga picha majeraha na nyayo, mwite afisa wa mifugo wa wadi, kisha upeleke taarifa kwa kituo cha KWS mara moja ujaze fomu. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inatoa fidia kwa mifugo na mimea, na shilingi milioni 5 mtu akiuawa na mnyama aliyetajwa humo. Malipo huchelewa, nalijua hilo na linauma, lakini asiyekuwa na fomu hana pa kusimama. Kikundi kiwe na mtu mmoja anayejua kuzijaza na anayefuatilia.

Mji

Mto ukifika Nakuru mjini kazi hubadilika. Hapa ni takataka na maji taka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017 na tofauti tunaiona, lakini chupa, nepi na nyuzi za magunia bado huteremka na kila mvua. Vijana wa Rhonda wakipewa wavu wa kuzuia kwenye mitaro, glavu, na mnunuzi wa chupa anayelipa kwa kilo, wataifanya kazi hiyo mwaka mzima. Wakipewa fulana na usafi wa siku moja, watafanya siku moja. Maji taka ni ya kaunti na kampuni ya maji, na dawa yake ni lile daftari lenu: tarehe, saa, mahali na picha, yaletwe NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Pesa, na kuwakutanisha watu wa juu na wa chini

Chama cha watumiaji maji kikiandika mpango wa kusimamia bonde lake kinaweza kuomba fedha kwa Mfuko wa Amana wa Sekta ya Maji. Anzeni na ombi dogo mnaloweza kulitolea hesabu. Pia jifunzeni kutoka Naivasha, ambako watumiaji maji wa chini, wakiwemo wakulima wa maua, waliwapa wakulima wa juu kule Wanjohi na Turasha vocha za pembejeo kwa kutunza udongo wao. Nakuru tuna hoteli, viwanda na watalii wanaokuja kuona ziwa. Nendeni kwao na chupa zenu mkononi.

Na kila mwaka, kabla ya mvua za Machi, kodini matatu mbili. Moja ishushe wakulima wa Nessuit hadi Rhonda na ukingoni mwa ziwa, nyingine ipandishe wa Rhonda hadi msituni. Wale chakula pamoja, waonyeshane mto, na kabla ya kuagana kila upande uandike jambo moja unalouomba upande mwingine. Orodha hiyo ibandikwe ofisini kwa chifu, pande zote mbili, na isomwe barazani Oktoba.